Mgeni akikuuliza kama watu wa Lamu ni ‘orthodox’

“Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mtembeza wageni hapa Lamu, mwaka wa tatu sasa. Juzi tulisimama nje ya Msikiti wa Riyadha, mgeni mmoja akaniuliza kama sisi Waislamu wa Lamu ni ‘orthodox’. Nikamwambia la, hao ni Wakristo wa Ethiopia na Urusi. Akacheka, akasema hakukusudia kanisa. Jioni nikamuuliza mwenzangu, naye akaniambia neno hilo ni ‘wenye msimamo mkali’, na kwamba nilinusurika, ningejibu ndiyo ningeuharibia mji jina. Kamusi niliyo nayo imeandika ‘-enye imani sahihi’. Sasa mwenye gesti moja amenipa karatasi ya maelezo niitafsiri kwa Kiswahili, na neno hilo limo mara 3: kwa Waislamu wa mji, kwa nyumba yenyewe ambayo eti imejengwa kwa njia ya ‘orthodox’, na kwa mpishi wake ambaye biriani yake ‘si orthodox’. Nishike lipi? Na neno lenyewe limetoka wapi hata likawa na maana zinazogombana?”

Wa aleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya biriani. Naona shaka yako ni moja tu: kila uliyemuuliza amekupa maana yake, nawe unaogopa kuandika kitu kitakachochapishwa na kusomwa na watu wa mji wako mwenyewe. Hofu hiyo ni nzuri. Mfasiri asiye nayo humwoni akifungua kamusi.

Nianze na mwenzako, kwa sababu kosa lake ndilo lenye madhara. ‘Orthodox’ si msimamo mkali. Neno hili halipimi moto wa mtu hata kidogo. Linasema kwamba anachokiamini ni kile kilichokubaliwa na kutambuliwa na wenziwe. Mzee anayelala mpaka jua limchome miguu, akapitwa na alfajiri siku tatu kwa wiki, anaweza kuwa na imani ya ‘orthodox’ kabisa, na kijana asiyekosa safu ya mbele akawa na mawazo ambayo masheikh wote wa mji wanayakataa. Ukali Waingereza wana maneno yake mengine. Na wewe unajua, kama ninavyojua mimi huku Malindi, kwamba katika pwani yetu hii maneno ‘msimamo mkali’ hayatamkwi ovyo. Yakiandikwa juu ya mtu au mtaa huwa na miguu, hutembea mpaka ofisi usizozitarajia. Hilo lifute kabisa kwenye daftari lako.

Kamusi yako nayo imesema nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo ndefu.

Neno ni la Kiyunani, na limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni orthos, yaani kilichosimama wima, kilichonyooka. Mjomba wangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe. Kila mistari michache ya ukuta aliteremsha timazi, ule uzi wenye risasi nchani, akafumba jicho moja, akangoja risasi iache kuyumba. Hakusema neno mpaka itulie. Ukuta uliokubaliana na uzi ule ndio orthos. Kipande hicho kimezaa maneno mengine unayoyaona kwenye vibao vya hospitali: madaktari wa mifupa huitwa ‘orthopaedic’, kwa jina lililobuniwa na tabibu Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741, akiunga ‘kunyoosha’ na ‘mtoto’. Katika kitabu chake alichora mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye mti wa kuuegemeza ili ukue wima. Picha hiyo bado ni alama ya fani hiyo hadi leo.

Kipande cha pili ni doxa, nacho ndicho chenye hila. Kimetoka kwenye kitenzi dokein, kuonekana, kudhani. Doxa ni rai: jambo linavyomwelekea mtu. Haikuwa elimu yenye ushahidi. Ndugu zake ni ‘dogma’, yaani kilichoonekana chema kikapitishwa, na ‘paradox’, kinachokwenda kinyume na rai za watu. Kwa hiyo ukiliweka neno lote mezani unapata ‘rai iliyonyooka’. Angalia vizuri, haikusemwa ‘ukweli’.

Plato, mwanafalsafa wa Athens, alilitolea jambo hili mfano ambao wewe mtembeza wageni utaupenda. Anamsimulia mwalimu wake Sokrates akizungumzia njia ya kwenda mji wa Larissa. Mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo atakufikisha. Lakini hata yule ambaye hajawahi kwenda, ila ana rai sahihi kuhusu njia, atakufikisha vilevile. Basi tofauti yao iko wapi? Sokrates anajibu kwamba rai sahihi ni nzuri maadamu imekaa, lakini ni kama zile sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kiyunani, ambazo zisipofungwa hutoroka. Kinachoifunga ni kujua sababu. Nimewahi kuwaona watembeza wageni wa aina zote mbili, nawe pia umewaona.

Lishike hilo la kufunga, maana katika Kiswahili tuna neno itikadi, na tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni kufunga fundo. Ndio mzizi uleule wa akida, na wa akdi ya nikaha. Myunani aliona imani kama ukuta unaopimwa kwa timazi, Mwarabu akaiona kama kamba iliyofungwa moyoni. Na Mlatini? Yeye aliona mkono: ‘tenet’ ya Kiingereza, yaani jambo mtu analoliamini, ni kitenzi cha Kilatini kisemacho ‘anashika’. Sisi tunaosema fulani ameshika dini tumekutana naye njiani bila kupanga.

Tena unyoofu wenyewe si mgeni kwako. Unausoma katika Fatiha kila sala, siratal-mustakim, njia iliyonyooka, ndia kama mnavyosema Amu. Fikra ya kwamba imani ina mnyoofu wake na upogo wake haikuhitaji Wayunani kutufikia. Hata hivyo, usichukue kufanana huko ukadhani maneno ni yaleyale. Mustakim unaiombea kwa Mungu. ‘Orthodox’ ni jina ambalo watu hupeana.

Sasa safari. Karne ya 3 na ya 2 kabla ya Masihi, Wayahudi wa Alexandria walipotafsiri maandiko yao kwa Kiyunani walihitaji neno la ‘utukufu’ wa Mungu, wakachukua doxa. Neno la rai likavishwa joho la utukufu. Wakristo walipolirithi, ‘orthodox’ likawa na sauti mbili: kuamini ipasavyo na kumtukuza Mungu ipasavyo. Waslavu walipolitafsiri walichagua sauti ya pili, ndiyo maana Warusi huita kanisa lao ‘pravoslavie’, utukuzaji ulio sawa. Kupitia Kilatini likafika Uingereza katika karne ya 15. Kwa hiyo jibu ulilompa mgeni halikuwa la kijinga hata kidogo, ni mlango mmoja wa nyumba hiyohiyo. Yeye alikuwa amesimama mlango mwingine.

Nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo. Hakuna anayeitwa ‘orthodox’ mpaka atokee anayesema vingine. Neno hili ni mtoto wa ubishi. Wakristo wa mwanzo walianza kulipigania pale walipohitilafiana, na mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325 uliitishwa kwa sababu ya hitilafu hizo. Wale walioshindwa waliitwa kwa neno jingine la Kiyunani, hairesis, ambalo asili yake ni ‘kuchagua’ tu. Mwaka 843 Constantinople ilirudisha picha takatifu makanisani baada ya mabishano ya zaidi ya karne nzima, na siku hiyo husherehekewa hadi sasa kama ushindi wa Orthodox. Umeona? Hata jina la sikukuu limetaja ushindi.

Wayahudi pia. Kwa karne nyingi walikuwa Wayahudi basi. Walipotokea huko Ujerumani watu waliotaka kubadilisha ibada, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, ndipo wale wasiobadilika wakapachikwa jina la ‘orthodox’. Walipewa na wapinzani wao, na neno lenyewe ni la Kikristo. Baadhi yao hawakulipenda, na nawaelewa.

Hata chai, mwanangu. Ukienda duka kubwa utaona pakiti imeandikwa ‘orthodox’ na bei yake imepanda ngazi. Hiyo ni chai ambayo majani yake yamevingirishwa kwa njia ya zamani. Katika miaka ya 1930 huko Assam ilitokea mashine inayokata, kurarua na kuviringa majani, chai ikawa chembechembe, na karibu chai yote tunayochemsha Kenya ni ya mashine hiyo. Kabla ya mashine, ile ya zamani haikuwa na sifa yoyote, ilikuwa chai.

Nikutolee na la hapa kwetu. Wareno waliofika Malindi mwaka 1498, wale wenye nguzo inayopigwa picha na kila mgeni, pamoja na kutafuta njia ya India walikuwa pia wakimsaka mfalme Mkristo waliyemwita Prester John. Mwisho wakamwona ndiye mfalme wa Ethiopia. Walitarajia ndugu wa imani. Walichokuta ni kanisa ambalo lilikuwa limeachana na Roma na Constantinople tangu mkutano wa Kalkedoni, mwaka 451. Mapadri wa Kijesuiti, shirika la Kikatoliki, wakafanya kazi ya kulinyoosha, kwa macho yao. Mfalme Susenyos akaingia Ukatoliki hadharani mwaka 1622, nchi ikawaka vita, na mwaka 1632 akairudisha imani ya kale na kumwachia kiti mwanawe Fasilides. Padri wa Kijesuiti na kasisi wa Ethiopia kila mmoja alishika timazi lake, na kila mmoja aliona ukuta wa mwenzake umepinda. Hadi leo Waethiopia na Wagiriki wote hujiita Orthodox, na si kanisa moja.

Na ninyi mlikuwa mmesimama wapi mgeni alipouliza? Riyadha! Habib Saleh, mwanzilishi wa Riyadha, alipofundisha Lamu mwishoni mwa karne ya 19, wakubwa wa mji hawakumfurahia wote. Alisomesha watumwa na watu wa hali ya chini kama anavyosomesha wana wa wenye majumba, na maulidi yake yalikuwa na matari. Maulidi ya Barzanji yaliyozoeleka yalisomwa kwa utulivu, na wapo walioona hilo la matari ni uzushi. Leo maulidi hayohayo ndiyo yanayoleta watu Lamu kutoka pembe zote za Afrika Mashariki, na mtu akitaka kukuonyesha dini ya wazee wa Lamu atakupeleka Riyadha. Wakati huohuo wapo Waislamu wenzetu wanaosema maulidi ni bidaa. Siingilii, mimi ni mwalimu wa lugha. Ninachosema ni kwamba kwa swali la yule mgeni, palepale mlipokuwa mmesimama, majibu mawili yangeweza kutoka kwa watu wawili waliosoma, na wote wakawa na Kiingereza kizuri.

Katika Kiingereza cha leo neno limetoka msikitini na kanisani likaingia sokoni. Wataalamu wa uchumi wenye mawazo ya kawaida ya fani yao ni ‘orthodox’. Bondia anayetanguliza mguu wa kushoto ni ‘orthodox’, hata akiwa hana dini. Hapo maana imebaki ‘iliyozoeleka, inayofuatwa na wengi’, na mara nyingine ndani yake mna kebehi kidogo, kama vile kusema mtu amegandamana na mazoea.

Kosa langu mwenyewe hili hapa, nalisema ili usidhani ninakufundisha kutoka juu ya mnazi. Miaka mingi iliyopita niliitwa kukalimani katika mkutano wa afya, karibu na hapa Malindi. Mgeni rasmi alikuwa daktari kutoka Nigeria. Akawasihi wazee wasikawie, mtoto akiwa na homa apelekwe haraka kwenye ‘orthodox medicine’. Mimi kichwani nina ‘orthodox’, ya kale, ya mapokeo, nikatamka kwa kujiamini: “mpelekeni kwenye dawa za jadi.” Mzee mmoja mstari wa mbele akamgeukia mwenzake: “Si nilikwambia?” Wale wazee walipiga makofi. Daktari akafurahi kwa kudhani hotuba imekolea. Nesi aliyekaa pembeni ndiye aliyeniokoa kwa kunivuta kanzu. Katika Kiingereza cha Nigeria maneno hayo ni matibabu ya hospitali, kinyume cha waganga. Jioni ile sikula. Kilichokuwa cha kale kwangu, kwake hakikuwa ndicho kilichotambuliwa, na mimi sikujiuliza kimetambuliwa na nani.

Basi karatasi yako. Usitafute neno moja la Kiswahili litakalotosha mahali pote 3, hutalipata.

Kwa Waislamu wa mji, sifa hiyo iache kabisa. Andika kinachojulikana: kwamba Waislamu wa Lamu kwa wingi ni Suni wa madhehebu ya Shafi. Ni sahihi, hakimchomi mtu, na msomaji wa Kiswahili anaelewa zaidi kuliko ‘orthodox’ angeelewa. Ukiandika ‘wenye imani sahihi’ kama kamusi inavyotaka, umekuwa kadhi: umeshahukumu kwamba wengine imani zao ni za makosa, na hilo karatasi ya gesti haina kazi nalo. ‘Imani thabiti’ nayo ni sifa ya moyo, hatuwezi kuuona. ‘Washika dini’ ni matendo. Kuhusu madhehebu, neno lenyewe kwa asili yake ni ‘njia ya kuendea’, kwa hiyo bado uko kwenye njia ya Larissa. Kanisa ni rahisi: likitajwa Kanisa la Kiorthodoksi, hilo ni jina, liache lilivyo. Hapa Kenya tunalo, lilitambuliwa na wakuu wa Kiorthodoksi wa Alexandria mwaka 1946, na mizizi yake inagusana na shule za Karing’a za Wakikuyu. Karing’a kwao ni kitu halisi, kisichochanganywa. Hao nao walilitafuta neno la unyoofu katika lugha yao, tena katikati ya ubishi na wamishonari.

Nyumba ni ‘iliyojengwa kwa ufundi wa asili wa Lamu’, kisha taja vitu: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, zidaka ukutani kama zimo. Kama nyumba ni ya simenti iliyopakwa chokaa juu, mwambie mwenye gesti taratibu, faraghani.

Biriani ni ‘ya namna yake’, au ‘si ile tuliyoizoea’. Kawaida ni neno zuri hapa, na asili yake ya Kiarabu ni msingi, kilichokaa chini. Lakini ukiandika ‘biriani isiyo ya kawaida’ msomaji wa Amu atashuku tumbo lake.

Kuna mahali ambapo mimi wala kamusi hatutoshi. Kabla karatasi haijachapwa, ile sentensi ya dini mpelekee mwalimu wa madrasa au sheikh unayemwamini, akae aisome mbele yako, usimsomee kwa simu. Mwenye gesti naye yuko hapohapo: muulize ana kwa ana alikusudia nini, huenda alitaka kusema ‘mji wa heshima, wageni wajisitiri’ akakosa neno. Hilo lingefaa kusemwa wazi. Na siku ukiletewa karatasi ya polisi, ya mahakama au ya uhamiaji yenye neno hili juu ya mtu, usiiguse kwa kusaidia tu. Mpeleke mhusika kwa mkalimani aliyeidhinishwa na mahakama na wakili, kwa sababu hapo tafsiri moja inaweza kumfungia mtu mlango. Ya hospitali, muulize daktari mwenyewe. Mimi nimekwisha kukwambia yaliyonipata.

Kuhusu mgeni, akirudi mwingine na swali lilelile, usiseme ndiyo wala la. Muulize, “Ukitulinganisha na nani?” Wengi watanyamaza kidogo, kisha watakwambia kwa hakika walichotaka kujua: kama wanaweza kuingia msikitini, kama wavae nini, kama wataudhi mtu wakila mchana wa Ramadhani. Hayo majibu yake unayo.

Nitumie sentensi ya biriani ukiisha kuiandika. Na umuulize huyo mpishi anatia nini, maana bila kuonja siwezi kukuhakikishia kama ‘ya namna yake’ inatosha.